Aliyelima na Aonje Kwanza

Mwezi uliopita, rafiki yangu aliyekuwa amekwenda Accra kikazi alinirudia na zawadi ndogo, ya kuenea katika mfuko wa shati. Ilikuwa chokoleti ya Golden Tree, itengenezwayo katika mji wa bandari wa Tema nchini Ghana. Haikuwa na njugu, haikuwa na zabibu, wala haikutiwa kionjo kingine chochote. Ilikuwa chokoleti tupu.

Nakiri kwamba sikuitarajia makuu. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kuwa chokoleti njema haina budi kutoka Uswisi, Ubelgiji au Uingereza. Nilipoimega ilitoa sauti kavu, na nilipoitia kinywani haikufanya haraka ya kuyeyuka. Kwanza ulikuja uchungu, mfano wa ule wa kahawa iliyokaangwa vyema. Kisha utamu ukafuata nyuma kwa adabu. Na mwishowe ikabaki ladha ya kakao yenyewe, ambayo aghalabu hufunikwa na wingi wa sukari na maziwa katika chokoleti tuzinunuazo madukani. Nilistaajabu. Katika umri wangu wote nilikuwa nimekula chokoleti pasipo kuijua kakao.

Historia ya zao hilo ni ya kuzingatiwa. Yasemekana kwamba mhunzi mmoja kwa jina Tetteh Quarshie ndiye aliyeleta mbegu kutoka kisiwa cha Fernando Po mnamo mwaka wa 1879, akazipanda Mampong, katika milima ya Akuapem. Kufikia mwaka wa 1911, koloni ya Gold Coast ilikuwa imeongoza ulimwengu mzima kwa uzalishaji wa kakao. Leo Côte d'Ivoire ndiyo inayotangulia, na Ghana ingali miongoni mwa wazalishaji wakubwa. Nchi hizo mbili kwa miaka mingi zimetoa zaidi ya nusu ya kakao yote duniani. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mbegu hizo hupakiwa katika magunia na kusafirishwa hadi Ulaya, ambako hakuoti mkakao hata mmoja mashambani. Huko ndiko zinakokaangwa, zikasagwa, zikafungwa kwa karatasi za kumetameta na kupewa jina la nchi nyingine.

Nilimpelekea mjomba wangu kipande kilichosalia. Yeye ni mkulima wa kahawa huko Kirinyaga kwa zaidi ya miaka arubaini. Alikitafuna polepole, akanyamaza, kisha akauliza, "Mpwa wangu, na huyu aliyeilima kakao hii, amewahi kuionja?"

Nilimjibu kwamba wako wakulima wa kakao wanaozeeka bila kuonja chokoleti. Nami nikamuuliza, "Na wewe, Mjomba, ladha ya kahawa yako waijua?"

Alicheka, akainua kikombe chake. Kilikuwa cha chai. "Mimi naijua kwa kilo," alisema, "na kwa kuchelewa kwa malipo."

Jibu hilo limenikosesha raha tangu siku hiyo. Kahawa ya mjomba huonjwa, tena na mabingwa. Huifyonza kwa kijiko, wakaitema, wakaandika alama, na alama hizo huchangia kuamua bei. Anayeonja ndiye anayesema, na asiyeonja hungoja kuambiwa. Mkulima aambiwapo kwamba kahawa yake msimu huu imefifia, atabisha kwa hoja gani, ilhali hajui ilikuwaje msimu uliopita?

Sisemi kwamba tukijenga viwanda tu, mambo yatanyooka. Ghana yenyewe inavyo, na bado haijasalimika. Mnamo mwaka wa 2024 bei ya kakao katika soko la New York ilivuka dola 10,000 kwa tani, kwa sababu ya hali mbaya ya hewa, magonjwa ya mikakao na uzee wa miti. Mtu angedhani kwamba huo ulikuwa mwaka wa sherehe. Kumbe sehemu kubwa ya mavuno ilikuwa imekwisha kuuzwa mapema kwa bei ya chini, hivyo mkulima hakuupata utajiri huo wote. Na baadhi ya viwanda vya kusaga kakao katika Afrika Magharibi vililazimika kupunguza au kusimamisha kazi kwa kushindwa kununua mbegu zilizoota karibu na malango yao.

Licha ya hayo, Waghana wametutangulia kwa jambo moja. Wameifanya tarehe 14 Februari, siku ambayo wengine huadhimisha mapenzi kwa maua, kuwa siku ya taifa ya chokoleti, ili wananchi wajifunze kula kilicho chao. Huenda mtu akaiona ni hatua ndogo, lakini walaji wa nyumbani ni soko lisilohitaji meli.

Je, sisi? Ingia katika ofisi nyingi za umma nchini, uombe kahawa. Utaletewa maji moto na kopo la unga. Kahawa yetu bora imekwisha kwenda zake ng'ambo ikiwa mbichi. Naona ingefaa kila chama cha ushirika kiwe na kikaango chake, hata kidogo, na kila mkutano wa mwaka wa wanachama uanze kwa kikombe cha kahawa ya wanachama wenyewe, kabla ya hesabu kusomwa. Halikadhalika, ofisi zinazoilinda kahawa yetu kwa sheria ziinywe.

Nimemwahidi mjomba kwamba safari ijayo sitambebea zawadi ya kigeni. Tutachukua punje za shamba lake, tuzikaange katika chungu cha shangazi, tuzitwange na kuzichemsha. Pengine tutaziunguza. Lakini mzee huyo atakuwa ameionja kazi ya mikono yake, na siku atakapoambiwa kwamba haina thamani, atakuwa na la kujibu.