Msafara Huenda kwa Mwendo wa Aliye Nyuma

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), Mola wa walimwengu wote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wazazi na wanafunzi wetu wapenzi, leo hatukuja na darsa la fiqhi wala la tajwidi. Tumekuja na habari ya baiskeli. Msitucheke mapema, maana habari yenyewe imetusomesha sisi walimu kabla ya kuwasomesha watoto, na tumeona si haki kukaa nayo kimya.

Kwa muda mrefu wanafunzi wetu hapa Buyenzi, mjini Bujumbura, walikuwa wakituomba tutoke nao siku moja tu kwa baiskeli, nje ya mji. Nasi kwa muda mrefu tulikuwa na jibu moja: "Mkimaliza juzuu." Juzuu ikamalizika, ikaanza nyingine, na baiskeli zikabaki zimeegemea ukuta. Mwisho mzazi mmoja akatuuliza, kwa adabu lakini bila kuzunguka, kama tuliwahi kumjua mtoto wetu yeyote nje ya mkeka wa madrasa. Tukakosa jibu. Tukapanga siku.

Tulichagua Jumapili, kwa kuwa Jumamosi asubuhi ni ya kazi za jumuiya. Njia ya milimani hatukuitaka. Ile ya Bugarama wote mnaijua: vijana wa ndizi na mkaa huteremka nayo kama mshale, na kupanda hujishikiza nyuma ya malori, na wapo waliopoteza maisha kwa mtindo huo. Tukachagua njia ya ziwani, ile inayokwenda Rumonge, tufike Kabezi na kurudi. Kwenda ni kama kilometa 20 hivi. Milima unayo kushoto, Ziwa Tanganyika unalo kulia, na ng'ambo ya maji unaiona milima ya Kongo. Kwa uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni, magari siku ile hayakuwa mengi.

Tulikuwa watu kumi na wanne: wavulana kumi na mmoja, walimu wawili, na baba mmoja ambaye ni fundi wa baiskeli, Allah amlipe kheri. Baiskeli zilikuwa za kila namna. Wachache walikuwa na zile nyepesi zenye gia, wengi walikuja na zile za chuma zenye kerieri pana ya kubebea mizigo. Yetu tuliiazima kwa jirani anayebebea mawese, na harufu ya mawese tulikuwa nayo kutwa nzima.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba watu watatu wakitoka safarini wamfanye mmoja wao kuwa kiongozi. Tukawaambia watoto wachague amiri wao wenyewe, nao wakamchagua kijana wa miaka kumi na saba, hodari wa masomo na hodari wa miguu. Sisi walimu tukawa wafuasi. Breki zikakaguliwa moja moja, ikasomwa dua ya kipando, na jua lilipochomoza tukawa tumeshatoka.

Tulipobaki nyuma

Tuseme kweli. Sisi tuna miaka arobaini na ushei, na kitambi si cha kuazima. Kabla hatujaimaliza Kanyosha, vijana walikuwa wameshatuacha. Tuliwaona kwa mbali wamesimama chini ya mwembe wanatusubiri. Tukakazana, tukafika tunahema, jasho linatiririka mpaka kwenye macho. Wao wameshakunywa maji, wameshataniana, wameshapoa. Tulipofika tu, amiri akasimama akasema kwa furaha, "Maalim amefika, haya twende!" Wakaondoka. Nasi tukaondoka nyuma yao, bila hata kushuka kwenye baiskeli.

Mara ya pili ikawa hivyo hivyo. Mara ya tatu pia.

Hapo ndipo tulipoipiga hesabu ambayo hatukuwahi kuipiga maishani. Wale wenye mbio walikuwa wamepumzika mara tatu. Sisi tuliochoka zaidi hatukupumzika hata mara moja. Na hakuna aliyetuonea. Walitusubiri kwa mapenzi na heshima kabisa, lakini kule kusubiriwa hakukutusaidia kitu, kwa sababu pumziko lilikuwa linaisha pale sisi tunapofika.

Huku nyuma hatukuwa peke yetu. Tulikuwa na mwanafunzi wetu mmoja, mtoto wa miaka kumi na mbili, kwenye baiskeli ya baba yake iliyo nzito kuliko yeye. Mtoto huyu ni mzito wa kuhifadhi. Sura ambayo wenzake huimaliza kwa wiki moja, yeye humchukua wiki tatu. Tulipoondoka mara ya tatu bila kupumzika, tulilalamika kidogo kwa sauti. Yeye akaitazama njia, akasema taratibu, "Maalim, saa ya mapumziko ndivyo inavyokuwa."

Hakuongeza neno. Nasi hatukuuliza, kwa sababu tulielewa. Pale madrasa, aliyesikilizisha vizuri hutoka nje kucheza. Aliyekosea hubaki ndani, arudie. Sheria hiyo tumeiweka sisi, kwa nia njema, tangu tulipoanza kusomesha, kwa kuwa na sisi tulisomeshwa hivyo. Mtoto huyu, kwa hesabu ya haraka, hakutoka nje kwa mapumziko tangu mwezi wa Ramadhani uliopita. Yule anayehitaji zaidi kupumzisha kichwa ndiye tuliyemnyima pumziko, siku baada ya siku, kisha tukashangaa kwa nini hasongi mbele.

Jiwe la Mugere

Kilometa kama 12 kutoka mjini, pale Mugere, kuna jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Tukasimama hapo, na safari hii tuliomba tusimame kweli kweli. Tukawasimulia watoto kwamba Wazungu hao wawili walikuja kwa mtumbwi kutoka Ujiji, kutazama kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia ziwani, na wakakuta unaingia. Mtoto mmoja akauliza, "Waliopiga makasia majina yao yako wapi?" Tukalizunguka jiwe lote. Hayapo.

Tukakaa kivulini, tukawakumbusha vijana visa viwili wanavyovijua. Cha kwanza ni cha Jabir bin Abdillah (r.a.), ambaye ngamia wake alichoka njiani akawa anabaki nyuma ya msafara. Ni nani aliyemkuta huko nyuma? Ni Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Akamuuliza hali yake, akamsukuma yule ngamia akachangamka, akamnunua kwake, na walipofika Madina akamlipa bei na ngamia akamrudishia. Sisi tumekisomesha kisa hiki mara nyingi kama mlango wa biashara na ukarimu. Hatukuwahi kujiuliza swali dogo: kiongozi wa msafara alikuwa anatafuta nini nyuma? Wanazuoni wa hadithi wamepokea kwamba hiyo ilikuwa ada yake safarini, kukaa nyuma ili amsukume aliye dhaifu, ampakie asiye na kipando, na awaombee dua.

Kisa cha pili ni cha Muadh bin Jabal (r.a.), aliyewasalisha watu Isha kwa kisomo kirefu mpaka mtu mmoja akajitoa kwenye jamaa. Habari ilipofika, aliyekemewa ni Muadh, na wala si yule mchovu. Na Muadh alikuwa katika wajuzi wakubwa wa Qur-ani. Sisi walimu tukae na kisa hiki vizuri.

Amiri wetu, kijana muelewa, akapanga msafara upya. Mtoto wa baiskeli nzito akawekwa mbele kabisa, nasi nyuma yake. Wenye miguu yenye nguvu wakawekwa mwisho, pamoja na fundi, pampu na viraka. Amri yake ilikuwa moja: hakuna kumpita wa mbele. Na tukisimama, hatuondoki mpaka wa mbele aseme amepumzika.

Je, mwenye mbio anapoteza?

Tunajua baadhi ya wazazi wanaosoma hapa wameshaanza kukunja uso. Tumeshaulizwa swali lenyewe: "Maalim, mwanangu ni mwepesi, mnataka afungwe na wazito?" Swali ni la haki na linastahiki jibu.

Kwanza, mashindano yana mahali pake. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.), na farasi walishindanishwa zamani zake. Mwezi Septemba 2025 watoto wetu walikuwa hawabanduki kwenye simu, kwa sababu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa jirani zetu, mara ya kwanza kufanyika Afrika, na Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda mbio za wanaume. Tulifurahi nao. Lakini siku ya mashindano ni siku ya mashindano. Madrasa ni msafara. Katika mbio, wa kwanza akifika kazi imekwisha. Katika msafara, wa kwanza akifika na mmoja hajulikani alipo, hakuna aliyefika.

Pili, tuliyoyaona kwa macho yetu. Baada ya Mugere vijana wenye nguvu hawakukaa bure. Mmoja alifunga kamba akabeba mzigo wa mwenzake. Mwingine, palipokuwa na kilima, alimsukuma mtoto mgongoni kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili umeshika usukani. Nguvu zao walizitumia zaidi kuliko asubuhi, ila sasa zilikuwa na faida kwa mtu. Ndivyo ilivyo katika kuhifadhi pia. Mwanafunzi mwepesi anayemsikiliza mzito akirudia sura, anaimarisha hifadhi yake mwenyewe bila kujua. Na bado ana wakati wake wa kusonga mbele na mwalimu. Hatujamfunga mtu.

Tatu, ndugu zangu, mtoto mwepesi leo si lazima awe mwepesi kesho. Sisi tuliokuwa tukiwaongoza watoto hawa tulijikuta wa mwisho ndani ya kilometa chache tu, kwa kubadilishwa chombo. Kila mtu ana njia moja ambayo akipita huko yeye ndiye wa nyuma.

Kabezi na kurudi

Tulifika Kabezi sote kumi na wanne kwa pamoja. Tukala ugali wa muhogo na ndagala, tukatia udhu kwa maji ya dumu, kwa kuwa kando ya ziwa hili kuna viboko na mamba na si pa kuchezea. Kijana mmoja akauliza kwa matumaini, "Maalim, tunakusuru?" Tukacheka. Masafa ya kukusuru kwa wanazuoni wengi ni kama kilometa 80 hivi za kwenda, nasi tulikuwa na 20. Adhuhuri tukaisali rakaa nne kamili, na aliyesalisha alisoma sura fupi.

Kurudi kulikuwa na pancha mbili, cheni iliyokatika mara moja, na upepo wa ziwa usoni. Hatukukimbilia chochote. Tuliingia Buyenzi Maghrib haijaadhiniwa. Yule mtoto alikuwa mbele, na mama yake alipomuona anaongoza msafara, alifunika mdomo kwa mtandio.

Wiki iliyofuata tukaifuta ile sheria. Sasa kengele ya mapumziko ikilia, wote wanatoka, aliyehifadhi na asiyehifadhi, na anayehitaji kurudia hurudia baadaye na mwenzake wa kumsikiliza. Hatuwezi kuwaambia kwamba yule mtoto amegeuka kuwa hodari wa kuhifadhi. Bado ni mzito. Lakini zamani akifika alikuwa anakaa karibu na mlango, siku hizi anakaa katikati. Na sisi tumemuomba msamaha, mbele ya wenzake, kwa sababu kosa letu nalo lilikuwa mbele ya wenzake.

Nasaha zetu kwa wazazi ni chache. Tokeni na watoto wenu, hata kilometa tano tu. Akina mama na mabinti nao wana haki ya siku yao, na walimu wetu wa kike wameshaanza kuipanga, Allah aiwafikishe. Kagueni breki, msiwaruhusu watoto kushika malori, na asiyejua kuendesha vizuri apakiwe. Na mkiwa njiani, mzazi asikae mbele. Akae nyuma, aone anayoyaona aliye nyuma. Akirudi nyumbani amtazame yule mtoto ambaye kila siku anaambiwa "wenzako wameshamaliza", na amuulize, kwa upole, ni lini mara ya mwisho alipumzika.

Tunamuomba Allah (s.w.t.) atujaalie kuwa wachungaji wema wa wale tuliokabidhiwa, atusamehe tuliyoyafanya kwa kutojua, na asituachie nyuma hata mmoja. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.