Jina la Biashara ni Mali, Lilindwe

Katika visiwa vya Ziwa Victoria, kutoka Ukerewe na Ukara hadi Kome na Maisome, wauza dagaa na wakulima wa machungwa wanahimizwa kutafuta soko kwa njia ya intaneti. Jambo hilo ni jema. Lakini hapana budi wananchi waelezwe mapema kwamba kuandikisha anwani ya tovuti si sawa na kumiliki jina.

Anwani inayoishia na .co.tz au .com hupewa aliyetangulia kuiomba, naye haulizwi kama jina hilo lina mwenyewe. Anwani za .tz ziko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Alama za biashara na huduma kwa Tanzania Bara huandikishwa BRELA kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1986. Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake. Hayo ni madaftari mbalimbali, na kuandikwa katika moja hakumpi mtu haki katika jingine.

Hapo huzaliwa hatari mbili. Ya kwanza ni kuchagua jina zuri, kumbe ni alama ya mwingine. Kwa anwani za .com upo utaratibu wa kimataifa tangu mwaka 1999. Mlalamikaji akithibitisha kwamba anwani inafanana na alama yake kiasi cha kutatanisha, kwamba aliyeichukua hana haki nayo, na kwamba aliichukua na kuitumia kwa nia mbaya, anwani hufutwa au huhamishiwa kwake. Mwenye nia njema aweza kupona hapo, lakini bado aweza kushitakiwa mahakamani kwa kutumia alama ya mwenzake. Mifuko iliyokwisha kupigwa chapa itakuwa hasara tupu.

Hatari ya pili ni kutanguliwa. Maneno "Hakuna Matata", ambayo kila mtoto wa Afrika Mashariki huyatamka, yaliandikishwa Marekani na kampuni ya Disney mwaka 2003 kuwa alama ya nguo. Watu walipokusanya saini za kupinga mwaka 2018, miaka kumi na mitano ilikuwa imekwisha kupita. Na huyo anayetangulia si lazima atoke ng'ambo. Fundi wa tovuti aweza kuiandikisha anwani ya kikundi kwa jina lake mwenyewe, na siku ya ugomvi akaondoka nayo. Fundi aliyejenga nyumba hapewi hati ya kiwanja!

Wapo wasemao kwamba mambo haya ni ya makampuni makubwa. Hatukubaliani nao. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa hawakungoja kutajirika ndipo wapinge mizani ya udanganyifu. Waliungana, na mwaka 1955 vyama vyao vikaunda shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions. Mizani ya leo ni daftari la majina, na anayepunjwa hapo ni yule yule mnyonge.

Kwa hiyo tunawaomba maafisa ushirika na maafisa biashara wa halmashauri waifikishe elimu hii visiwani, badala ya kungoja mwananchi apande kivuko kuwafuata. Maombi ya BRELA hupokelewa kwa intaneti; kinachokosekana ni mtu wa kumwongoza mwombaji. Kabla kikundi hakijalipia anwani, afisa akisaidie kutafuta kama jina hilo limekwisha kuandikishwa. Anwani iandikwe kwa jina la kikundi, na nywila zake ziwe mikononi mwa viongozi waliochaguliwa. Tarehe za kulipia upya zibandikwe ofisini, kwani alama ya biashara Bara hudumu miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara, na anwani isiyolipiwa huchukuliwa na mwingine.

Nao ndugu zetu wa visiwani wasitegemee jina la kisiwa peke yake. Ukerewe ni ya Wakerewe wote. Kikundi kiongeze neno lake cha kujitofautisha.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Jina jema hujengwa kwa jasho la miaka mingi, na kupeleka maombi ya kuliandikisha ni kazi ya siku chache. Kazi hiyo ianze sasa.