Droni ikigonga ndege, nani awajibike?

Januari 9, 2025, wakati moto ukiteketeza nyumba za Pacific Palisades huko Los Angeles, Marekani, ndege ya zimamoto iliyokodiwa kutoka jimbo la Quebec nchini Canada iligongana na droni ndogo. Bawa lake la kushoto likatoboka tundu la takriban sentimita 8 kwa 15. Watu wawili waliokuwemo walitua salama, lakini ndege hiyo ikakaa chini siku kadhaa, katika wiki ambayo kila tone la maji lilihitajika.

Anga ya eneo hilo ilikuwa imefungwa kwa droni. Aliyeirusha alisimama juu ya jengo la kuegesha magari mjini Santa Monica, akaipeleka zaidi ya mita 2,500 ili aone moto, na ikapotea machoni pake. Hapo ndipo penye uzito wa kisheria. Mrushaji anatakiwa kuiona droni yake muda wote, kwa sababu rubani anayepita kasi hana namna ya kukiona kitu kidogo kama kitabu.

Mwisho wa mwezi huohuo mwanamume huyo alikubali kukiri kosa la daraja la chini, lenye adhabu isiyozidi mwaka mmoja jela. Alikubali pia kulipa dola 65,169 za matengenezo na kufanya saa 150 za kazi za jamii. Kwa maisha ya watu wawili yaliyowekwa hatarini, wengine wataona ni kidogo. Walau mlipaji alijulikana.

Mawakili wake walitaja jambo lisilopaswa kupuuzwa: kwamba alitegemea mfumo wa ndani ya droni unaozuia isiingie maeneo yaliyokatazwa, na mfumo huo haukufanya kazi. Utetezi huo haukumwondolea hatia. Sheria humtazama aliyeshika rimoti, si kiwanda. Siku nne tu baada ya ajali, kampuni ya DJI ya China, kinara wa soko la droni duniani, ilitangaza kwamba Marekani mfumo wake hautazuia tena droni kuingia maeneo mengi ya aina hiyo, bali utaonya tu. Uamuzi ukabaki mkononi mwa mrushaji.

Lakini mrushaji asipopatikana je? Desemba 2018 taarifa za droni zilivuruga uwanja wa Gatwick karibu na London. Takriban safari 1,000 ziliathirika na abiria kama 140,000 wakakwama. Hakuna aliyetiwa hatiani. Wanandoa waliokamatwa waliachiwa bila mashtaka, na baadaye polisi wakakubali kulipa pauni 200,000 za fidia na gharama za kisheria. Katika mkasa mzima, fedha zilitoka kwa waliokuwa wakimsaka mkosaji!

Marekani imejaribu kuliziba pengo hilo. Tangu Machi 2024 inasimamia kanuni inayotaka droni zilizosajiliwa zitangaze utambulisho wao kwa mawimbi ya redio zikiwa angani. Hata hivyo, droni ya kujiburudisha yenye uzito usiofika gramu 250 hailazimiki kusajiliwa, kwa hiyo hailazimiki kujitambulisha. Iliyotoboa bawa la ndege ya Quebec ilikuwa ya aina hiyo ndogo.