Nchi ya Tano

Sisi wa Mtendeni, Tabora, hatuna ziwa. Tuna embe, tuna asali, tuna vumbi, na tuna bwawa la Igombe ambalo mtu wa Kigoma ukimwonyesha atauliza bomba limepasukia wapi. Hata jina la kata yetu linataja mtende, mti wa jangwani. Lakini pita sokoni asubuhi uone tunavyoishi kwa ziwa la wenzetu. Ugali wetu hauteremki bila dagaa wa Kigoma, na hatusemi dagaa tu. Tunasema wa Kigoma, tena kwa sauti, muuzaji asije akatupimia wa Mwanza wenye mchanga kisha akaapa kwa mama yake mzazi.

Kwa hiyo tuna haki ya kulalamika.

Tarehe 15 Mei 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi upande wetu, likafunguliwa katikati ya Agosti. Miezi mitatu. Neno walilotumia wakubwa lilikuwa "kupumzisha", neno la adabu kabisa, kama vile ziwa lilikuwa limetoka kulima tumbaku. Sisi hatukupata habari kwa tangazo. Tulipata kwa fungu. Wiki moja fungu lilijaa kiganja, wiki iliyofuata likakaa kwenye vidole vitatu, bei ile ile. Mama anayetuuzia, ambaye mtaa mzima tunamwita Shangazi ingawa hana mpwa hata mmoja kati yetu, alitutazama tulivyonuna akasema, "Msininunie mimi, kanunieni ziwa." Kijana mmoja wa bodaboda akadai kuna mgomo wa wavuvi. Mwingine akasema treni imeanguka. Ikabidi mstaafu mmoja wa reli, aliyekaa Kigoma miaka mingi, atusomeshe akiwa amesimama, mfuko wa nyanya mkononi.

Akatuambia ziwa lile si letu peke yetu. Congo ina sehemu kubwa, kama asilimia 45, sisi tuna 41, Burundi 8, Zambia 6. Mwaka 2003 nchi hizo nne zilitia saini mkataba hapo Dar es Salaam wa kulitunza kwa pamoja, ikaundwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura. Halafu mwaka 2021 zikakubaliana hatua za pamoja za uvuvi, na kupumzisha ziwa ni mojawapo. "Mzee," tukamuuliza, "na Tabora ilitia saini wapi?" Akacheka mpaka nyanya mbili zikaanguka.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi ziwa lisipumzike. Mtu aliyekula dagaa miaka arobaini haambiwi na mtu kwamba wamepungua. Zamani gunia likifunguliwa ulikuta dagaa wenye umbo, kichwa na mkia vinajulikana. Siku hizi unakuta vitu kama sindano za charahani, watoto wa dagaa walionaswa kabla hawajajua kuogelea. Makokoro yanakwangua ufukweni, ndiko lumbu na samaki wengine wengi wanakolelea watoto. Usiku wa giza taa zinawashwa ziwani mpaka utadhani kuna mji mwingine juu ya maji, na dagaa, maskini, hupenda taa kuliko uhai. Zilikuwa karabai, sasa ni za betri na sola, zinang'aa zaidi na hazimalizi mafuta. Mwenyewe dagaa haishi hata miaka miwili. Ukimnyima miezi ya kuzaa umeukata ukoo mzima. Mgebuka naye, anayemfukuza dagaa huko katikati ya ziwa, akikosa dagaa anakonda, na sisi tunanunua mgebuka mwembamba kama kalamu.

Na si wavuvi peke yao wenye lawama. Ziwa lile lina kina cha mita 1,470. Duniani linapitwa na Baikal la Urusi tu. Lakini usidanganyike na kina. Ukishuka mita mia mbili na kitu hakuna hewa, samaki hawakai. Rutuba yote imelala huko chini, na inategemea upepo wa kusini wa kiangazi kuyakoroga maji ili ipande juu. Sasa wataalamu wanasema maji ya juu yamepata joto, yanaelea juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya supu, hayachanganyiki kama zamani. Chakula cha dagaa kinabaki kuzimu. Hilo huwezi kulifungia kwa miezi mitatu, wala huwezi kulikamata kwa boti ya doria. Hapo hata sisi tulinyamaza kidogo.

Kisha tukaendelea kulalamika.

Malalamiko yetu ni haya: mezani kuna viti vinne, na sisi hatumo katika hata kimoja. Wavuvi wana vikundi vyao vya BMU kwenye mialo. Wenye mitumbwi wanajulikana. Wakubwa wana mamlaka yao Bujumbura. Mlaji wa Mtendeni hana kikundi, hana hata kifupisho cha herufi tatu. Ziwa likifungwa, anayeambiwa avumilie ni mvuvi, na mvuvi anaonewa huruma, ndiyo, tena anastahili. Lakini yule mama aliyekopa mtaji wa magunia mawili akakaa miezi mitatu bila gunia, nani alimhesabu? Shangazi aliuza mlenda mkavu na nsansa kipindi chote kile. Mkopo wake haukupumzishwa. Yule aliyemkopesha, ambaye hatutamtaja, alikuwa anapita kila Ijumaa kama kawaida.

Tena wakubwa wanasahau kitu kimoja, na hapa ndipo mstaafu wetu alipopandwa na hasira kuliko sisi. Maji ya ziwa lile yanatoka wapi? Igombe yetu, hii inayochekwa, inakwenda Malagarasi. Ugalla, ambayo inatiririka kusini kwetu, inakwenda Malagarasi. Malagarasi inaingia Tanganyika. Mvua inayotunyeshea inaishia kule, ikibeba na udongo wetu. Miti ya miombo tunayokata kukaushia tumbaku ikiisha, udongo hauna wa kuushika. Unakwenda kuwafunika samaki mazalia yao. Basi kama ni ushirikiano wa majirani, sisi ni jirani wa mlango wa nyuma, tunamwaga maji ya kudekia kwenye ua wa watu bila hata kujijua. Tungeitwa tu. Hata kugombezwa ni namna ya kuitwa.

Ndiyo maana tumejipa jina: nchi ya tano. Bendera yetu ni kiroba.

Wala si jambo geni njia hii ya Kigoma kuunganisha watu bila mkataba. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wanakwenda na kurudi Ujiji kwa miguu, na chumvi ya Uvinza ilipita humu humu. Kila mtemi aliyepitiwa alilipwa hongo. Wakati ule hongo ilikuwa ushuru halali, unalipa mchana kweupe mbele ya wazee na ngoma ikilia. Leo neno limebaki, mchana umeondoka. Gunia la dagaa likitoka mwaloni mpaka kutufikia limepita vizuizi ambavyo Shangazi huvihesabu kwa vidole, na anapofika kidole cha sita hutazama pembeni kwanza nani anasikiliza.

Bodaboda yule yule wa mgomo akauliza kama hizo nchi nne zinaweza kweli kukubaliana, wakati hata jina la samaki hazijakubaliana. Ni kweli. Sisi tunamwita dagaa. Burundi ni ndagala. Zambia ni kapenta. Mgebuka wetu kwa Warundi ni mukeke, na ukimwambia Mrundi kuwa mukeke ni samaki wa Tanzania mtagombana mpaka jioni. Samaki wenyewe hawana shida hiyo. Lumbu, ndugu yake dagaa, alichukuliwa kati ya 1958 na 1960 akatiwa Ziwa Kivu, mpakani mwa Rwanda na Congo, leo wanamwita sambaza na wanamla kana kwamba ni wa babu zao. Miaka ya 1960 akapelekwa tena Kariba, baina ya Zambia na Zimbabwe. Hakuulizwa pasipoti. Sisi tukitaka kuvuka kwenda Kalemie kumsalimia shemeji, tunaulizwa mpaka jina la bibi.

Kwa Victoria nako wana jumuiya yao ya uvuvi tangu 1994, makao yake Jinja, iliyoanzishwa na nchi tatu. Humo humo kuna kisiwa cha Migingo, mwamba mdogo uliojaa mabati, ambao Kenya na Uganda wameugombania miaka na miaka kwa ajili ya sangara. Kwa hiyo tunajua mkataba hauzuii watu kukunjiana ngumi. Ila ngumi zikikunjwa Victoria, Mtendeni tunaletewa dagaa wa mchanga. Zikikunjwa Tanganyika, hatuletewi kitu.

Mama mmoja mkimya, aliyekuwa amesimama muda wote na mtoto mgongoni, akasema jambo ambalo hatukulipenda. "Lakini si sisi tunaotaka wale wadogo? Mkiletewa wakubwa mnasema wana miiba, wale wadogo ndio mnasema wanaiva haraka, mkaa hauishi." Hakuna aliyemjibu. Mstaafu akaanza kukagua nyanya zake. Ni kweli tunawapenda wadogo. Ukiwakaanga na karanga wanaliwa na kichwa.

Agosti ile ziwa lilipofunguliwa, hatukuwa na haja ya kutangaziwa. Harufu ilitangulia treni, au tulijidanganya hivyo. Shangazi alifungua kiroba cha kwanza mbele yetu wote, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa dagaa wachache akawalaza kiganjani. Tuliinama kama watu wanaotazama mtoto mchanga. Walikuwa wamenenepa kidogo, au macho yetu yalikuwa na njaa. Bei? Ile ile ya wakati wa kufungwa. Tukapiga kelele: si ziwa limeshafunguliwa! Akasema ziwa limefunguliwa, yeye bado.

Tukadai nyongeza kwa jina la nchi ya tano. Akaongeza dagaa watatu. Tukawahesabu, akarudisha mmoja.