Tusiwafukuze Watoto Makaburini

Ndugu Wakristo wenzangu, wazazi, walezi, wazee wa kanisa na walimu wa Shule ya Jumapili,

Mtoto mmoja wa darasa langu, mwenye umri wa miaka saba, alifiwa na bibi yake. Nyumbani akaambiwa bibi amesafiri. Majuma matatu akawa anakaa kando ya barabara kila jioni, akitazama kila gari linaloshusha abiria. Jumapili moja akaniuliza: "Mwalimu, kwani bibi alikuwa hanipendi? Mbona ameondoka bila kuniaga?"

Nilikosa la kumjibu. Uongo tuliomwambia kwa huruma ulikuwa umemuumiza kuliko msiba wenyewe.

Watoto wetu tunawafundisha nyimbo, mistari ya kukariri na majina ya mitume kumi na wawili. Tunafanya vema. Lakini ukija msiba, siku ile hasa imani inapohitajika, tunawapeleka kwa jirani wakacheze. Wanarudi jioni wanakuta turubai limefungwa, watu wamevimba macho, na kitanda kimoja kitupu. Hakuna anayewaambia neno.

Najua kwa nini tunafanya hivyo. Tunawaonea huruma, na wengi wetu tulilelewa vivyo hivyo. Pengine pia tunaogopa wasije wakauliza swali ambalo sisi wenyewe hatujapata jibu lake. Lakini swali la mtoto halifi kwa kunyamaziwa. Mtoto hulala nalo, akajijibu mwenyewe, na jibu lake mara nyingi hutisha kuliko ukweli. Aliyeambiwa marehemu amelala huanza kuogopa usingizi. Aliyeambiwa Mungu amemchukua mama kwa kuwa alimpenda zaidi huanza kumwogopa Mungu.

Bwana wetu hakuwatendea watoto hivyo. Wanafunzi walipowazuia watoto wasimkaribie, alichukizwa, akawapokea na kuwabariki. Akielekea kaburini kwa Lazaro alilia mbele za watu. Nyumbani kwa Yairo alimshika mkono binti wa miaka 12 aliyekuwa amekufa, akamwinua, kisha akaagiza apewe chakula. Hilo ndilo tumaini letu: halimkatazi mtu kulia, wala halijifanyi kwamba kifo hakipo. Linasema yuko anayekishinda, naye anajali hata njaa ya mtoto.

Katika kanisa letu la Moravian tuna mzee wa kujifunza kwake. Jan Amos Comenius alizaliwa Moravia mwaka 1592, akawa yatima angali mtoto. Alipokuwa mtu mzima, tauni ilimuulia mke na watoto wawili. Mtu huyu aliyezika wapenzi wake ndiye aliyechapisha, mwaka 1658, kitabu cha picha kwa ajili ya watoto, Orbis Pictus. Kinaanza na Mungu, kinapita kwenye bustani, wanyama na uokaji mikate, na mwishoni kinafika Hukumu ya Mwisho. Aliamini mtoto huelewa akionyeshwa, na hakuona sababu ya kumficha mwisho wa dunia na wa mwanadamu.

Mwaka 1732, huko Herrnhut, Ujerumani, vijana wa Kimoravian walikusanyika makaburini alfajiri ya Pasaka wakaimba jua likichomoza. Desturi hiyo imefika hadi kwetu Rungwe, ambako wamisionari wa Moravian walianza kazi mwaka 1891. Pasaka iliyopita nilikwenda na yule mtoto. Ilikuwa masika, njia tope, migomba inadondosha maji. Alipalilia majani juu ya kaburi, akaweka maua, akainama na kusema: "Bibi, nimekuja kukuaga." Tangu siku hiyo haendi tena barabarani.

Kwa hiyo nawaomba, ndugu zangu, tuyafanye haya pamoja.

Kwanza, tuwaambie watoto ukweli kwa maneno yao: bibi amekufa, mwili wake haupumui tena, tunamzika, na tunaamini Yesu atamfufua. Kuuliza si ujinga. Tuwaache waulize, hata mara kumi. Tusilolijua, tukiri kwamba hatulijui, kisha tuwaambie tunamtumaini nani.

Pili, tuwape nafasi msibani. Anayetaka kuaga, tumshike mkono tumpeleke. Aweke ua, atupe udongo kiganja kimoja, aimbe nasi. Asiyetaka tusimlazimishe, ila akae karibu na mtu anayempenda.

Tatu, wachungaji na wazee wa kanisa, wakati wa kupanga bajeti muwakumbuke walimu wa watoto. Wengi hupewa darasa la watoto sitini bila semina hata moja. Na matanga yakishaanuliwa, mtu mmoja wa kanisani apewe kazi ya kumtembelea mtoto aliyefiwa, kwa jina lake, mwezi baada ya mwezi.

Nne, tuwachukue watoto makaburini wakati wa furaha pia. Wamoravian tuna alfajiri ya Pasaka. Ndugu Wakatoliki wana tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote. Wengine wachague siku yao. Wabebe majembe madogo na maua, tuwasimulie aliyezikwa pale alikuwa nani na aliamini nini.

Haya hayahitaji mfadhili wala jengo jipya. Yanahitaji mtu mzima akubali kuketi chini na mtoto, pengine naye akiwa na machozi, na kumwambia analolitumaini. Leo hii kuna mtoto karibu nawe anayemsubiri mtu asiyerudi. Nenda kakae naye.