Ukweli Kuhusu Makosa ya Zamani Ni Mtihani wa Kwanza wa Mwanasheria Mtarajiwa

Kila mwaka wahitimu wa shahada ya sheria huandaa maombi ya kujiunga na Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania, na wengine hutafuta nafasi katika vyuo vya sheria vya nje ya nchi. Kwa walio wengi, mzigo mkubwa ni kukusanya vyeti na kutafuta ada. Kwa wachache, ugumu umejificha katika swali moja fupi linaloweza kuulizwa mahali popote katika safari hiyo: je, mwombaji amewahi kushtakiwa au kutiwa hatiani kwa kosa lolote? Mwenye historia ya namna hiyo hujikuta njia panda. Akisema, anahofia kukataliwa. Akinyamaza, anatumaini kwamba hakuna atakayejua.

Swali hilo haliulizwi kwa nia ya kumdhalilisha mtu. Wakili hukabidhiwa fedha za mteja, hutunza siri za familia na kampuni, na anaposimama mahakamani huhesabika kuwa afisa wa Mahakama ambaye kauli yake hutegemewa na hakimu au jaji. Ndiyo maana Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, imeweka Kamati ya Mawakili yenye mamlaka ya kushughulikia nidhamu ya mawakili, ikiwa ni pamoja na kumwondoa katika orodha yule aliyekiuka maadili. Taaluma inayoweza kumfukuza mtu kwa kukosa uaminifu ina haki ya kuuliza juu ya uaminifu wake kabla haijampokea.

Jambo ambalo waombaji wengi hawalitilii maanani ni kwamba mlango wa taaluma hii si mmoja. Hapa nchini, baada ya shahada, mhitimu hupita katika Taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, Sura ya 425, ambayo ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2008. Baada ya hapo hupeleka ombi la uwakili kwa Jaji Mkuu. Nchini Marekani, mwanafunzi hupimwa kwanza na chuo, kisha hupimwa upya na mamlaka ya mawakili ya jimbo analotaka kufanyia kazi, ambayo hufanya uchunguzi wake kuhusu tabia ya mwombaji. Viwango vya Chama cha Mawakili cha Marekani, ambacho hutoa ithibati kwa vyuo vya sheria, vinavitaka vyuo hivyo kuwatahadharisha waombaji mapema kuhusu uchunguzi huo. Hivyo jibu linaloandikwa leo na kijana wa miaka 22 linaweza kusomwa tena miaka kadhaa baadaye na kulinganishwa na kumbukumbu za mahakama na za polisi.

Mifano miwili kutoka Marekani inaonesha tofauti iliyopo kati ya kosa na uficho. Tarra Simmons alihukumiwa mwaka 2011 kifungo cha miezi 30 katika jimbo la Washington kwa makosa ya dawa za kulevya, wizi na umiliki wa silaha kinyume cha sheria. Alipotoka gerezani alisoma sheria na kuhitimu mwaka 2017. Historia yake aliiweka wazi. Hata hivyo bodi inayochunguza tabia za waombaji ilimkataa kwa kura 6 dhidi ya 3. Alikata rufaa, na Novemba 2017 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kwa kauli moja kwamba aruhusiwe kufanya mtihani wa uwakili. Mwaka 2018 aliapishwa kuwa wakili, na mwaka 2020 alichaguliwa kuwa mbunge katika Bunge la jimbo.

Mfano wa pili ni wa Stephen Glass, mwandishi wa habari ambaye mwaka 1998 ilibainika kuwa alikuwa akibuni habari na watu wasiokuwepo katika jarida la The New Republic. Huyu hakufungwa. Alihitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Georgetown na kufaulu mtihani wa uwakili. Lakini Januari 2014 Mahakama ya Juu ya California ilikataa kwa kauli moja kumpokea. Miongoni mwa mambo yaliyomponza ni kwamba, katika ombi lake la awali la uwakili huko New York, alieleza ushirikiano aliotoa katika kubaini habari alizozibuni kwa namna iliyozidi ukweli. Mahakama iliona kwamba tabia ya zamani ilikuwa bado inaendelea ndani ya ombi lenyewe.

Mifungwa wa zamani akapokelewa, na mtu ambaye hajawahi kufungwa akakataliwa. Haimaanishi kwamba kila anayesema kweli hufunguliwa mlango; kosa zito la karibuni, hasa la wizi au udanganyifu, linaweza kumzuia mtu hata akilieleza. Inachoonesha ni kwamba kosa la zamani huweza kupimwa, kuelezwa na kuachwa nyuma, ilhali uongo ulioandikwa kwenye fomu huwa ni kosa jipya, la leo, tena la aina ileile ambayo taaluma hii inaiogopa zaidi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Watanzania wanalo somo la nyumbani katika suala hilo. Aprili 2017, Serikali ilipopokea taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, ilibainika kuwa watumishi 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi, na wakaondolewa kazini. Wapo waliokuwa wametumikia kwa miaka mingi na kulea familia kwa kazi hiyo. Kughushi cheti si sawa na kuficha shtaka la zamani, lakini mwisho wake unafanana: gharama ya uongo haikutozwa siku ulipoandikwa, ilitozwa baada ya mtu kujenga maisha juu yake.

Pamoja na hayo, uwazi hautakiwi kugeuzwa kuwa kujishtaki upya. Mwombaji anapaswa kusoma swali neno kwa neno. Kukamatwa, kushtakiwa na kutiwa hatiani ni mambo matatu tofauti. Aliyeulizwa kama amewahi kutiwa hatiani halazimiki kutaja shauri ambalo Mkurugenzi wa Mashtaka aliliondoa mahakamani. Aliyeulizwa kama amewahi kushtakiwa analazimika. Faini ya papo kwa papo ya barabarani huenda haikuulizwa kabisa, au huenda imetajwa waziwazi. Penye shaka, busara ni kuiuliza taasisi husika kwa maandishi na kuitunza barua ya majibu, si kujichagulia tafsiri iliyo nyepesi.

Taasisi nazo zinabanwa na misingi ya haki. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Ibara ya 13(6)(b), inapiga marufuku mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika kuwa anayo. Huko Marekani, mwaka 1957, katika shauri la Schware, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikataa uamuzi wa jimbo la New Mexico wa kumzuia mwombaji kufanya mtihani wa uwakili kwa sababu zilizojumuisha kukamatwa kwake miaka mingi nyuma. Mahakama ilieleza kuwa kukamatwa pekee hakuthibitishi kwamba mtu ametenda ubaya.

Chukua mfano wa kijana aliyepigana mtaani akiwa na miaka 19, akafikishwa mahakamani, akakiri na kulipa faini. Leo ana shahada ya sheria. Maelezo yanayomfaa hayazidi ukurasa mmoja: tarehe, mahakama, kosa, adhabu, na uthibitisho kwamba adhabu hiyo aliitekeleza. Ayaambatanishe na nakala ya hukumu, ambayo huombwa katika mahakama iliyosikiliza shauri. Aeleze amefanya nini tangu wakati huo: kazi, masomo, huduma kwa jamii. Asimlaumu askari wala hakimu, na asipunguze uzito wa kilichotokea. Msomaji wa maombi hatafuti malaika, anatafuta mtu anayeweza kusema kweli hata pale inapomgharimu.

Kwa aliyekwisha kujaza fomu na kuficha, mlango haujafungwa, lakini muda ni mfupi. Barua ya kusahihisha taarifa, ikipelekwa kabla ya kuulizwa, husomeka kama ishara ya uadilifu. Barua hiyohiyo, ikiandikwa baada ya kugunduliwa, husomeka kama utetezi.

Liko pia deni upande wa taasisi. Swali lisiloeleweka huzaa jibu lisiloeleweka, na fomu inayouliza kwa ujumla bila kufafanua aina ya makosa humwacha mwombaji mwaminifu gizani huku ikimpa mjanja pa kujifichia. Inafaa maswali yaandikwe kwa lugha nyepesi, waombaji waelezwe mapema vigezo vinavyotumika, yaani uzito wa kosa, umri wa mtu alipolitenda, muda uliopita na mwenendo wake wa baadaye, na anayekusudiwa kukataliwa apewe nafasi ya kusikilizwa. Kama kila anayesema kweli ataadhibiwa na kila anayenyamaza atapita, mfumo utakuwa unafundisha uongo mlangoni kwa watu ambao kesho utawadai ukweli mahakamani.

Hatimaye anayelindwa na utaratibu huu ni mwananchi wa kawaida: mjane anayemkabidhi wakili hati ya kiwanja chake, mfanyakazi anayedai mafao, mzazi anayemtafutia mtoto dhamana. Hawa hawana namna ya kuichunguza historia ya mtu aliyevaa joho. Wanategemea kwamba kabla hajalivaa aliulizwa swali gumu, naye akalijibu kwa ukweli.