Asumini Yataka Jua

Nyua zetu zinafunikwa saruji na ghorofa zinatuzibia jua. Asumini iliyobanwa kivulini huzaa majani, isizae maua. Na wapo akina mama miongoni mwetu waleao watoto kwa kuuza maua hayo. Basi tuupe mche wetu jua la kutwa, walau kwenye ndoo iliyotobolewa juu ya paa la saruji, katika udongo wenye samadi iliyooza, usiotuamisha maji. Msimu wa maua ukipita, tupunguze matawi bila huruma, kwani ua hutoka kwenye chipukizi jipya. Matumba tuyachume jioni kabla hayajafunguka, na wajukuu wakae nasi wajifunze kutunga vikuba.